Kompyuta imegoma baada ya kusasishwa? Tulia kwanza, usikubali 'kupigiwa Windows' haraka

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya bure ya ulinzi kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa kwenye kompyuta nyingi za majumbani tangu ulipotoka Julai 2015. Kwa familia za Lulindi, Masasi mjini na Newala, Oktoba ni mwezi wa korosho. Minada inaanza, fedha zinaonekana, na mzazi aliyemwahidi mtoto kompyuta ndipo anapotimiza ahadi, mara nyingi kwa kununua iliyotumika. Mwezi huohuo mashine ikaanza kutoa ujumbe: mfumo wako umepitwa na wakati, pandisha toleo.

Wengi walibonyeza kitufe na mambo yakaenda vizuri. Wengine waliamka asubuhi na kukuta skrini nyeusi, au duara la vidoti linalozunguka bila mwisho, au skrini ya buluu yenye maneno ya Kiingereza. Ndani ya mashine hiyo kuna picha za harusi, picha za bibi aliyekwisha tangulia mbele za haki, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, daftari la mauzo ya duka, na pengine fomu ya mkopo wa elimu ya juu ambayo kijana alikuwa ameijaza nusu.

Mtu anayeishi Dar es Salaam anaweza kuibeba mashine hadi Kariakoo siku hiyohiyo. Anayeishi Lulindi anahitaji nauli, siku nzima ya kazi na fundi anayemwamini. Kwa hiyo ni vizuri mzazi ajue mwenyewe kinachotokea, anachoweza kufanya pale nyumbani, na mahali pa kuacha kugusa ili asiharibu zaidi.

Habari njema kwanza

Kompyuta kushindwa kuwaka hakumaanishi picha zimepotea. Hayo ni mambo mawili tofauti. Windows ni kama mlango na ngazi za nyumba, na picha na nyaraka zako ni vyombo vilivyo chumbani. Mlango ukikwama, vyombo bado vipo. Kinachovipoteza mara nyingi ni haraka ya mwenye nyumba au ya fundi, anayeamua kubomoa nyumba yote kwa sababu kitasa kimegoma.

Windows inapopandishwa toleo kwa njia ya kawaida, huwa haifuti mfumo wa zamani papo hapo. Inauweka pembeni katika folda inayoitwa Windows.old, kisha inajenga mfumo mpya na kuhamishia humo mipangilio yako. Mambo yakiharibika katikati, imeelekezwa irudi kwenye ule wa zamani yenyewe. Ndiyo maana wakati mwingine baada ya saa moja ya wasiwasi, skrini inaandika "Undoing changes", yaani inatengua mabadiliko, na asubuhi unakuta Windows yako ya jana kama vile hakuna kilichotokea. Tatizo linaanza pale hata safari ya kurudi nayo inapokwama.

Kwa nini hukwama

Sababu ya kwanza ni umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, umeme ukikatika wakati mfumo unaandikwa kwenye diski, inaachwa nusu ya zamani na nusu mpya. Kompyuta mpakato nayo, ikiwa betri imechoka, haina tofauti na ya mezani. Wanaotumia umeme jua waangalie zaidi: zoezi lililoanza saa mbili usiku linaweza kuhitaji umeme hadi saa saba, na betri ndogo ya nyumbani haifiki huko.

Sababu ya pili ni diski kujaa. Windows 11 inahitaji mashine yenye diski ya angalau GB 64 na kumbukumbu ya GB 4, na wakati wa kupandisha toleo inahitaji nafasi ya ziada ya kuweka mfumo wa zamani na mpya kwa pamoja. Mashine iliyojaa filamu na video za WhatsApp haina pa kupumulia.

Sababu ya tatu ni umri wa mashine. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0 na kichakataji kilicho kwenye orodha ya Microsoft. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazimo. Kuna mbinu za kuulazimisha mfumo uingie hata hivyo, na vijana huzipata kwenye video. Mashine iliyolazimishwa inaweza kufanya kazi leo na kugoma mwezi ujao.

Sababu ya nne ni vifaa vilivyochomekwa: printa, flashi, modemu ya intaneti, kadi ya kumbukumbu. Programu ndogo zinazoendesha vifaa hivyo zikiwa za zamani, mfumo mpya unaweza kugongana nazo.

Bando kuisha katikati huwatia watu hofu, lakini ndiyo sababu yenye madhara madogo. Kompyuta hupakua kwanza, huhakiki, kisha ndipo huanza kusimika. Bando likikatika wakati wa kupakua, zoezi linasimama tu hadi utakapoongeza jingine.

Hatua ya kwanza: subiri

Asilimia zinapoganda, kwa mfano kwenye 62, mtu huona kama mashine imekufa. Kwenye diski za zamani zile zinazozunguka, namba moja inaweza kukaa saa nzima au zaidi. Tazama kitaa kidogo cha diski, kama mashine yako inacho. Kikipepesa, kazi inaendelea. Sikiliza pia feni na mlio wa diski.

Ipe saa tatu au nne. Kama ni usiku na umeme upo, iache hadi asubuhi. Mtu akikuambia "izime tu uiwashe", mwambie ungoje kidogo. Kuizima wakati bado inaandika ndiko kunakogeuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Ikiwa saa zimepita, kitaa hakipepesi na hakuna kilichobadilika, basi chomoa vitu vyote vya nje ubakize waya wa chaji, kibodi na kipanya. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukikishikilia kwa sekunde kama kumi hadi mashine izime kabisa. Subiri nusu dakika, iwashe tena. Mashine nyingi hapa ndipo huanza kurudi zenyewe kwenye mfumo wa zamani. Zikianza, usiziguse.

Kama imewaka lakini unaona skrini nyeusi yenye mshale wa kipanya tu, huenda tatizo ni la programu ya skrini. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift, kitufe chenye alama ya Windows na herufi B. Picha ikirudi, umeokoa nauli ya Masasi.

Kabla hujaendelea, piga picha ya skrini kwa simu yako kila inapobadilika, na andika kwenye karatasi ulichofanya na saa uliyofanya. Fundi atakayekuja baadaye atakushukuru, maana ataanza pale ulipoishia asirudie yote.

Hatua ya pili: chumba cha matengenezo

Windows ina sehemu ndogo iliyojitenga, inayoweza kuwaka hata mfumo wenyewe ukiwa umeharibika. Kwa kawaida hujitokeza yenyewe baada ya mashine kushindwa kuwaka mara mbili mfululizo. Isipojitokeza, iite: washa mashine, alama ya mtengenezaji ikionekana shikilia kitufe cha kuwashia hadi izime, rudia hivyo mara ya pili, kisha mara ya tatu iache iwake. Fanya hivi pale tu ulipohakikisha kuwa zoezi la kusasisha limekwama kweli na haliendelei.

Skrini ya buluu itakuja na vitufe. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Hapo kuna milango kadhaa, nayo ni vizuri kuifuata kwa mpangilio huu, kutoka ule mpole hadi ule mkali.

Mlango wa kwanza ni "Startup Repair". Mashine hujikagua na kutengeneza kile kinachohusu kuwaka. Haigusi picha zako. Ikisema imeshindwa, ijaribu mara moja zaidi kisha endelea.

Wa pili ni "Uninstall Updates". Utaulizwa kama uondoe sasisho dogo la karibuni au lile kubwa la toleo. Ikiwa mashine iligoma baada ya sasisho la kawaida la mwezi, ondoa dogo. Kama iligoma baada ya kupanda toleo, ondoa kubwa.

Wa tatu ni "System Restore", unaorudisha mipangilio ya mfumo kwenye siku ya nyuma mashine ilipokuwa nzima, ikiwa alama ya siku hiyo ilihifadhiwa. Picha na barua zako zinabaki. Programu ulizosimika baada ya siku hiyo ndizo zinaondoka.

Wa nne ni "Startup Settings". Bonyeza kitufe cha kuwasha upya, kisha ikija orodha ya namba bonyeza 4. Mashine itawaka katika hali ya tahadhari, ikiwa na vitu vya lazima tu. Skrini itakuwa na sura mbaya na maandishi makubwa, usishangae. Ukifanikiwa kuingia, jambo la kwanza ni kunakili picha na nyaraka kwenye flashi au diski ya nje. Ukarabati ufuate baadaye.

Ikiwa mashine inawaka vizuri ila toleo jipya linakusumbua, kwa mfano printa haifanyi kazi au imekuwa nzito, una siku 10 za kurudi nyuma. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya System, kisha Recovery, utakuta kitufe "Go back". Baada ya siku hizo 10 folda ya mfumo wa zamani hufutwa na njia hiyo inafungwa. Mzazi aliyenunulia mtoto mashine ya shule asingoje mwezi uishe ndipo aseme haimfai.

Mahali pa kuacha kugusa

Kuna kitufe kinachoitwa "Reset this PC". Ukikibonyeza kitakuuliza maswali mawili. "Keep my files" hubakiza picha na nyaraka lakini huondoa programu zote ulizosimika. "Remove everything" hufagia kila kitu. Tofauti ya mibonyezo hiyo miwili ni albamu nzima ya familia. Usiguse chochote hapo kabla hujanakili vitu vyako.

Pia kuna dirisha jeusi la kuandikia amri. Kama hulijui, liache. Video za kwenye simu hufundisha amri ambazo kwenye mashine moja zinatengeneza na kwenye nyingine zinafuta, kwa sababu herufi za diski si lazima zifanane.

Na kuna skrini inayoomba namba ya tarakimu 48. Hiyo ni kufuli inayoitwa BitLocker. Mashine imefunga diski kwa usiri ili mwizi asisome vitu vyako, na baada ya mabadiliko makubwa inataka kuhakikisha kuwa ni wewe. Namba hiyo haikisiwi wala haipigiwi hesabu. Mara nyingi huwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha kompyuta. Chukua simu, ingia kwenye tovuti ya akaunti ya Microsoft kwa barua pepe na nywila ileile, tafuta orodha ya vifaa vyako na ufunguo wa BitLocker.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu hakuna anayekumbuka akaunti ni ya nani. Je, ni ya kijana aliyeko chuoni? Ni ya muuza duka aliyekuanzishia mashine? Ni barua pepe iliyofunguliwa siku hiyohiyo na kusahaulika? Wasiojua walishughulikie leo mashine ikiwa nzima, si siku ya msiba. Ukifungua akaunti hiyo ukaona ufunguo, uandike kwenye karatasi na uuweke pamoja na vyeti. Bila namba hiyo, hata fundi bingwa hawezi kuitoa picha moja kwenye diski iliyofungwa.

Kuokoa picha bila kuwasha Windows

Ikiwa milango yote imegoma, bado kuna njia mbili, na zote hazihitaji Windows yako kupona.

Ya kwanza ni kuwasha kompyuta kwa flashi. Kwenye kompyuta nyingine nzima, ya shule au ya jirani, mtu anayejua anaweza kuandaa flashi yenye mfumo wa bure kama Ubuntu au Linux Mint. Mashine yako ikiwashwa kwa flashi hiyo na kuchaguliwa kujaribu bila kusimika, itafunguka kama kompyuta ya kawaida. Utaona diski yako, utafungua folda ya picha, utanakili kwenda kwenye diski ya nje. Zoezi hili haliandiki chochote kwenye diski yako ukifuata njia ya kujaribu.

Ya pili ni kuitoa diski na kuiweka kwenye kasha la USB, kisha kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kama flashi kubwa. Kwa mashine nyingi za zamani ni suala la skrubu chache, ingawa kwa asiyezoea ni bora afanye fundi. Njia zote mbili zinataka ule ufunguo wa tarakimu 48 ikiwa diski imefungwa.

Ukishanakili, fungua picha kadhaa na nyaraka kadhaa kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kuwa zinafunguka kweli. Kuona majina ya faili hakutoshi.

Ukifika kwa fundi

Kwetu kuna msemo wa mafundi: "nitakupigia Windows". Maana yake ni kufuta diski na kusimika mfumo upya. Ni kazi ya saa moja au mbili, mashine inawaka ikiwa nyepesi, na fundi anaonekana hodari. Kama hukusema neno kuhusu picha, huenda asikuulize.

Kwa hiyo zungumza kabla hajaifungua. Mfano wa mazungumzo yenye faida ni huu:

"Fundi, shikamoo ya kazi. Mashine iligoma wakati wa kupandisha Windows 11. Sijafuta kitu."

"Sawa mama, niachie, jioni njoo uchukue. Nitaipiga Windows upya."

"Hapana mwanangu, kwanza nitolee picha na nyaraka. Nimekuja na diski yangu ya nje. Nikishaziona kwenye kompyuta yako nyingine, ndipo upige Windows."

"Hiyo ni kazi mbili mama, itaongezeka kidogo."

"Niambie ni kiasi gani, uniandikie kwenye karatasi."

Mama huyo hajabishana na mtu. Ameeleza tatizo, ameweka mpangilio wa kazi, na ameomba bei kwa maandishi. Aongeze jambo moja: aulize Windows itakayowekwa ni halali au imevunjwa kufuli. Programu za kuvunja kufuli mara nyingi huja na virusi, na mashine ambayo mtoto anaingizia nywila ya benki au ya simu haifai kuwa nayo. Kompyuta iliyokuja na Windows 10 halali, kwa kawaida ikipanda kwenda Windows 11 inaendelea na leseni yake bila kununua nyingine.

Ikiwezekana kaa hapo fundi anaponakili. Kwenye kompyuta ya familia kuna picha za watoto na za faragha ambazo si za kutazamwa na kila mtu dukani.

Si wewe peke yako

Watu hujiona washamba mashine ikigoma mikononi mwao. Historia inasema vingine. Oktoba 2018 Microsoft yenyewe ilitoa toleo la Windows 10 ambalo kwa baadhi ya watumiaji lilifuta nyaraka na picha zao. Waliopatwa walikuwa wachache sana kwa hesabu ya kampuni, kama moja ya mia ya asilimia moja, lakini kwa familia iliyopoteza picha zake hesabu hiyo haikufariji. Toleo lilisitishwa ndani ya siku chache na kurudishwa katikati ya Novemba likiwa limerekebishwa.

Tarehe 19 Julai 2024 likaja kubwa zaidi. Sasisho baya la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zilikwama viwanjani, hospitali na benki zikasumbuka. Na dawa ilikuwa nini? Nyingi zililazimika kuguswa moja moja: mtaalamu anaiwasha katika ile hali ya tahadhari tuliyoieleza hapo juu, anafuta faili moja lenye kasoro, anaiwasha upya. Njia hiyohiyo mzazi wa Lulindi anaweza kuifikia kwa kubonyeza 4.

Mtoto aliyebonyeza

Katika nyumba nyingi aliyebonyeza kitufe cha kupandisha toleo ni mtoto, kwa sababu ndiye anayejua kompyuta. Mzazi akirudi akakuta skrini nyeusi, hasira ya kwanza humwangukia yeye. Fimbo haina inachotengeneza hapo. Inachofundisha ni kuficha. Mtoto anayeogopa kipigo atajaribu kurekebisha kimyakimya usiku kwa kufuata video, atabonyeza "Remove everything" akidhani anasaidia, na utakuja kujua wiki mbili baadaye picha zikiwa zimekwenda.

Muulize kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, uliona ujumbe gani? Ulibonyeza wapi? Uliizima saa ngapi?" Majibu ya maswali hayo matatu yana thamani kuliko kifaa chochote cha fundi. Ikiwa alichomoa waya ili achaji simu, bora uambiwe. Ikiwa aliizima kwa sababu alikuwa na mtihani asubuhi akataka kulala, bora uambiwe. Kisha mketishe pembeni yako mfanye hatua pamoja, yeye akisoma Kiingereza cha skrini, wewe ukiandika kwenye karatasi. Mtoto aliyesaidia kuokoa picha za bibi yake hatabonyeza ovyo mara nyingine.

Nanyi mliosomesha vijana mbali, wapigieni simu kabla hamjamkabidhi mtu mashine. Kijana aliye chuoni Mtwara au Dodoma anaweza kuiona skrini kwa picha ya WhatsApp na kuwaongoza hatua kwa hatua.

Akiba kama ya maji

Watu wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufundishwa maana ya akiba. Kule Newala maji yalikuwa ya kuteremkia bondeni na kupanda nayo kichwani, na nyumba nyingi zikajifunza kukinga ya mvua na kuyaweka kwenye visima vya kuchimba uani. Hakuna aliyesubiri kiangazi kifike ndipo atafute ndoo. Picha na nyaraka zinataka akili ileile.

Kanuni ya wataalamu ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida maana yake ni kompyuta yenyewe, diski ya nje au flashi kabatini, na nakala moja kwa shangazi wa Masasi au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, zinazotosha vyeti vyote vya familia na picha zile zisizoweza kupigwa tena. Bando likiwa dogo, anza na vyeti. Baada ya hapo picha za waliotangulia.

Siku ya kupandisha toleo, chagua siku isiyo na ngurumo za masika na isiyo karibu na jambo kubwa. Wiki ya kutuma maombi ya mkopo au ya chuo si wiki ya kubadili Windows. Hakikisha betri imejaa na waya umechomekwa, acha nafasi ya kutosha kwenye diski, chomoa vifaa vyote, na anza asubuhi. Kama una flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, mwombe mwenye kompyuta nzima akuandalie flashi ya ukarabati kutoka tovuti ya Microsoft, kisha iandike jina na uiweke. Kuiandaa kunafuta kilichokuwemo, na kupakua kunakula zaidi ya GB 4, kwa hiyo majirani wanaweza kuchangia bando na kutumia flashi moja.

Kama mashine yako haikidhi Windows 11, usilazimishe. Microsoft ilifungua mpango wa kuendelea kupokea masasisho ya ulinzi ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako huko, au kwa kulipa dola 30. Unaupata kwenye sehemu ya masasisho ndani ya mipangilio. Baada ya hapo, mashine ya zamani inaweza kuendelea kuishi kwa Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure na zinatosha kwa kuandika, kusoma na intaneti.

Leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, fanya mambo mawili tu. Nakili folda ya picha kwenye flashi, na andika kwenye karatasi akaunti inayomiliki kompyuta yenu. Karatasi hiyo iweke ndani ya bahasha ya vyeti vya kuzaliwa, na mwambie mwenzako ilipo.